Hamia Upande wa Pili

Shangazi yangu,

Binti yako Ruwaida anasema kumwandikia maiti ni kazi isiyo na maana, kwa kuwa maiti hana anwani. Imamu wa msikiti wetu, nilipomuuliza, alinijibu kwa upole kwamba kinachokufikia sasa ni dua, na kwamba karatasi hubaki huku huku duniani. Nimewasikiliza wote wawili, na wote wawili nimewajibu. Dua nakuombea kila siku, na sioni kwamba barua inaipunguzia dua chochote. Na kama hoja ni anwani, wewe mwenyewe ulikaa miaka mingi hapa London ukiwaandikia watu wa Unguja ambao hukujua kama wangali katika nyumba ulimowaacha, na hakuna aliyekwambia uache. Kwa hiyo naandika. Ungalikuwapo ungalinipinga kwa raha ya kunipinga tu, kisha ungalikwenda kuteleka chai.

Matokeo yametoka. Nimepata shahada ya historia, daraja la kwanza. Nalisema hili bila kujikunja, kwa sababu unyenyekevu wa uongo ni katika vitu ulivyokuwa huvivumilii. Siku ya mahafali nilivaa joho lililonipwaya, na Ruwaida akakaa katika safu za nyuma na kunipigia makofi peke yake baada ya watu wote kunyamaza. Watu wakageuka. Yeye hakujali, na mimi sikumkanya.

Ruwaida amebadilika, Shangazi. Unakumbuka jinsi ulivyokuwa ukisema naye Kiswahili naye akikujibu kwa Kiingereza, kutwa kucha, kama watu wawili waliosimama kwenye kingo mbili za mto. Siku tatu za matanga zilipokwisha alimpigia simu mama mdogo wake Unguja, akasema naye kwa Kiswahili tangu salamu mpaka kuagana. Kinachechemea, lakini ni chake. Sikumsahihisha hata neno moja, na wewe unajua hilo limenigharimu nini.

Katika khitma yako walikuja watu ambao hukuwatarajia. Kirit, rafiki yangu wa skuli, alikuja na mama yake kutoka Kingsbury, na mama yake alileta sinia la vitafunio lililofunikwa vizuri, akaingia jikoni na kuosha vikombe pamoja na kina mama wa Kipemba kana kwamba amezaliwa Wete. Na Bwana Halloran, mwalimu wangu wa historia, ambaye sasa amestaafu na anatembea kwa mkongojo, alivua viatu mlangoni, akakaa chini kwa shida, akakaa mpaka mwisho bila kuelewa neno. Alipokuwa akivaa viatu aliniambia kwamba mkutano mmoja na wewe ulimtosha kwa maisha yake yote. Alikuwa anatabasamu, lakini hakuwa anatania.

Hao wawili ndio walionirudisha kwenye muhula wangu wa kwanza hapa, na ndio sababu ya barua hii. Nilijaribu kukushukuru mara kadhaa kwa ajili ya muhula ule ulipokuwa hai. Kila nilipoanza ulinikata: "Shukurani yako ikaoshe masufuria." Nikaosha masufuria, na maneno yakabaki. Leo huwezi kunikata.

Nilifika kutoka Pemba mwanzoni mwa Septemba, kijana wa miaka kumi na minne, niliyekuwa wa kwanza darasani tangu siku niliyoanza kusoma na niliyeamini kwamba nitakuwa wa kwanza popote. Baba, kaka yako, aliniagiza kwako kwa maneno machache: nisome, nikutii, nisikutie aibu. Asubuhi ya kwanza ulinifunga tai. Hukuweza kuifunga shingoni mwangu, kwa hiyo uliifunga kwanza shingoni mwako mbele ya kioo, ukaivua ikiwa kitanzi, ukanivisha. Nilikwenda skuli na harufu ya udi wako shingoni.

Siku hiyo nilifanya kosa ambalo hakuna mtoto wa Kilburn, mtaa wako wa London, angaliweza kulifanya. Kengele ililia, darasa zima likasimama na kutoka, na mimi nikabaki kwenye kiti changu nikiwa nimefungua daftari. Kwetu mwalimu ndiye anayekuja darasani, mwanafunzi hukaa. Niliwaona wale wenzangu kuwa watoro, nikajisifu moyoni kwa kutowafuata. Nilimsubiri mwalimu wa jiografia katika chumba kitupu kwa muda mrefu, mpaka Kirit akatumwa kunitafuta. Ndivyo tulivyojuana. Alisimama mlangoni, Mhindi mwembamba mwenye miwani, akanisemesha Kiswahili cha Nairobi: "Wewe jamaa, unangoja nani? Hapa mwalimu haletwi kwa mteja." Nilimshukuru na kumweleza kwa Kiswahili chetu sababu ya kubaki kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bwana, unaongea kama redio."

Muhula uliendelea hivyo. Nilisimama mwalimu alipoingia, na darasa likacheka. Katika michezo nilikimbia kwenye matope na baridi nikiwa na kaptura, na mikono ikakataa kufunga vifungo vya shati baadaye. Kirit alinifungia, akinung'unika kwamba yeye si yaya. Katika sayansi tulipangwa wawili wawili, na mwenzangu aliniuliza kila mara mimi naonaje, nami nikangoja mwalimu aseme ndipo nione hivyo hivyo. Walimu waliniuliza kama nimeelewa, nikajibu ndiyo. Sikuwa nasema uongo. Nilifundishwa kwamba kumwambia mwalimu sikuelewa ni kumwambia hakufundisha vizuri, na maneno hayo mtoto mwenye adabu hayasemi. Basi nikasema ndiyo, nikainamisha macho, nikaenda nyumbani kujifunza peke yangu yale niliyokubali kuwa nimeyaelewa.

Na namna yangu ya kujifunza ilikuwa moja tu, ile niliyotoka nayo chuoni nilikohifadhi Qur'ani. Unakumbuka, maana ulinisikia kutoka jikoni. Bwana Halloran alitutangazia mtihani wa katikati ya muhula juu ya mabadiliko ya kilimo cha Uingereza: jinsi mashamba na malisho yaliyokuwa ya watu wote yalivyozungushiwa uzio na kuwa mali ya wachache. Sura ile nilikaa nayo chumbani wiki nzima, nikiisoma kwa sauti, nikiyumba mbele na nyuma, aya kwa aya, mpaka ikawa yangu. Wewe ulipita mlangoni ukauliza, "Hiyo ni juzuu ya ngapi?" Nilidhani unanisifu.

Siku ya mtihani niliiandika sura yote. Sikuacha mkato wala nukta. Nilitoka mle ndani nikiwa na yakini kwamba Bwana Halloran atanisimamisha mbele ya wenzangu awaambie watazame jinsi mtoto wa Pemba anavyosoma.

Badala yake ulipigiwa simu kazini, kwenye ofisi ya nyumba za kaunsili, halmashauri ya mtaa, ulikokuwa karani, ukaambiwa uje.

Naukumbuka mkutano ule kwa ukamilifu wake, na naujua ulivyokuwa mzito kuliko nilivyojua siku ile. Mwalimu mkuu, mama wa Kiingereza, alisema amesikitishwa. Alisema karatasi yangu inafanana na kitabu neno kwa neno, kwamba hakuna njia ya hilo kutokea ila kuingia na kitabu chumbani, na kwamba mwanafunzi wa namna hiyo huondolewa katika darasa la mtihani wa taifa na kupelekwa kwenye lile ambalo halifanyi mtihani wowote. Ukienda huko, chuo kikuu umekiaga. Kisha akaniuliza kama nina la kusema. Mimi nilifanya kile ambacho mtoto yeyote wa kwetu hufanya anapogombezwa na mkubwa: nikatazama viatu vyangu, nikanyamaza. Yule mama akafungua mikono, akakwambia, "Unaona? Hata kututazama hawezi."

Nilikusikia ukivuta pumzi. Ulisema kwa Kiingereza chako cha taratibu, kile ulichokuwa ukikitumia na watu uliokusudia kuwashinda: "Kwetu anayekutazama usoni wakati unamkemea ndiye mkosa adabu. Huyu anakuheshimu. Umemsoma kinyume." Kisha ukamgeukia Bwana Halloran, aliyekaa pembeni, ukamwomba kitabu. Ukamwambia afungue ukurasa wowote wa sura ile, asome mstari wa kwanza, anyamaze.

Akafungua katikati. Akasoma mstari. Na mimi nikauchukua kutoka mdomoni mwake, kama tulivyozoea chuoni mwalimu anapokupa mwanzo wa aya, nikaendelea mpaka mwisho wa ukurasa, macho bado kwenye viatu. Akafungua pengine. Nikaendelea. Mara ya tatu akafunga kitabu kabla sijamaliza, akasema polepole kwamba mtoto huyu hakuiba. Mwalimu mkuu akasema kitu kuhusu kumbukumbu ya ajabu. Nilijua nimeshinda.

Kumbe sikushinda. Bwana Halloran alikuwa bado anazungumza. Alisema kwamba hata hivyo hawezi kunibakiza. Kitabu anacho tayari. Hakuhitaji nakala ya pili yenye miguu. Mtihani wa taifa humwuliza mtu anafikiri nini na kwa nini, na katika kurasa zangu nne hakuona popote kwamba nafikiri. Atanipa mpaka mwisho wa muhula. Nitaandika karatasi moja mbele yake, kwa swali nisilolijua, kwa maneno yangu mwenyewe. Akiniona humo, nitabaki. Asiponiona, nitahamishwa.

Nilikutazama nikingoja unitetee. Ukamwambia, "Ni haki."

Hapo, Shangazi, nilikuchukia kidogo. Nakwambia leo kwa kuwa naamini ulijua. Tulipanda basi, tukakaa ghorofa ya juu, mvua ikipiga kioo, na wewe ukaanza kucheka peke yako. "Nimeomba nipelekewe mtoto," ukasema, "nimeletewa kasuku. Na kasuku mwenyewe hata manyoya ya rangi hana." Nikakujibu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumjibu mkubwa, na sauti ilinitoka nyembamba. Nilisema kwamba chuoni nilipewa zawadi kwa kuhifadhi, kwamba Baba alichinja mbuzi siku nilipomaliza, na kwamba haiwezekani jambo liwe heshima Wete na aibu Kilburn.

Ulifuta mvuke kwenye kioo kwa kiganja. Kisha ukasema: "Qur'ani ni maneno ya Mungu. Unayahifadhi kwa sababu huna la kuyaongeza. Kitabu cha Bwana Halloran ni maneno ya mtu, na mtu hujibiwa."

"Hata mtu mzima?"

"Akiandika kitabu, kajitakia mwenyewe."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, vya wanafalsafa na vya mawakili na vya watu waliojiita wote wawili, na sijakutana na maelezo bora zaidi ya kazi yangu. Lakini naomba iandikwe kwamba hoja yangu ya basini siijutii. Kuhifadhi si ujinga. Katika chuo kikuu niliwaona wenzangu wakipekua karatasi wakati mimi nilikuwa na kurasa zote kichwani, na nilizijibu vizuri zaidi kwa sababu nilikuwa nazo. Ulikosea kuniita kasuku, ingawa ulifanya vizuri kunisukuma mbele. Haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Usiku uleule, vyombo vilipotolewa mezani, ulinipa somo la kwanza. Uliniambia nikuthibitishie kwamba mvua ya London ni bora kuliko mvua ya Pemba. Nilidhani ni mzaha. Hukucheka. Nikajaribu, nikasema mambo mawili matatu juu ya mvua isiyobomoa barabara, na nilipoanza tu kupata moto ukainua kidole: "Haya, sasa hamia upande wa pili." Nikalazimika kuyavunja yale yale niliyoyajenga. Ruwaida, mtoto wa miaka minane wakati ule, alikaa juu ya mto kitini na kuwa hakimu, akitoa hukumu kwa Kiingereza kabla hata hatujamaliza. Wewe ulishinda kila kesi. Nilipolalamika kwamba hakimu ni binti wa mshitaki ulisema, "Kata rufaa."

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Kama mke amfuate mume ng'ambo au mume amfuate mke. Kama samaki wa kuganda dukani ni samaki. Kama mfalme asiye na kazi ana haki ya kulishwa. Nilijifunza kwamba upande niliouchukia ndio ulionihitaji nijiandae zaidi, na kwamba hukuniruhusu kuusema kwa dhihaka. Nilipoufanya upande wa pili kuwa wa kijinga ili niushinde kwa urahisi, ulinisimamisha: "Huyo si mtu, huyo ni kinyago. Niletee mtu." Kirit alikuja kula siku moja, akakuta tunagombana juu ya kinyozi, akaniuliza kwa siri kama kuna ugomvi wa kifamilia. Jioni ile ile ulimtia katika mdahalo, akakushinda juu ya jambo la maharagwe, na ukamtaja kwa heshima mpaka ulipofariki.

Kisha ikaja jioni ya nyumba.

Mimi ndiye niliyeianza. Katika flati yetu hapakutajwa sana nyumba ya babu ya Mji Mkongwe, ile ulimozaliwa, iliyochukuliwa baada ya mapinduzi wakapewa watu wengine. Lakini kwa Baba, Wete, nililelewa na hadithi yake, na nilikuwa na hotuba tayari. Nilisimama, kwa mara ya kwanza sikukaa, nikasema kwamba kumtoa mtu katika nyumba aliyoijenga ni wizi, na kwamba wizi hauachi kuwa wizi kwa sababu umefanywa na wengi mchana. Nilisema vizuri. Nilikuona ukinisikiliza, mikono juu ya meza. Nilijua utaniambia nihame, na nilijua sitaweza.

Hukuniambia nihame. Ulihama wewe.

Ulisema: "Mie ni mama wa watoto watano. Nimekaa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, chumba cha udongo, paa la makuti linavuja juu ya kitanda cha mwanangu mgonjwa. Baba yangu kachuma karafuu za wenzake mpaka mgongo ukapinda, na mwenye karafuu hakupata kujua jina lake. Kila siku nikivuka kwenda mjini kufua nguo za watu, napita chini ya dirisha lile. Nasikia wanacheka mle ndani. Siku moja naambiwa: ingia, ni pako. Weye ungaliniambia nijibu nini? Niseme hapana, mwenyewe aliijenga? Na mawe ya kuta zile nani aliyabeba?"

Uliendelea. Hukuinua sauti. Ulimsema mama yule kana kwamba umekula naye, na hukumfanya malaika wala shetani. Ruwaida hakutoa hukumu. Nilikuuliza kwa hasira, "Kwa hiyo unawatetea?"

"Sitetei. Najua wanachosema. Hayo ni mambo mawili." Ukakusanya vikombe. "Nilipokuwa sijui, nilikuwa silali."

Sikulala mimi usiku ule. Nilibishana nawe gizani kwa hoja nzuri mno, na asubuhi nikawa nimezisahau.

Bwana Halloran aliniita wiki ya mwisho ya muhula. Wenzangu walikuwa wanapamba darasa la jirani kwa sikukuu zao, na vicheko vilipenya ukutani. Alikaa mbele yangu akisahihisha madaftari na kumenya chungwa. Swali lilikuwa fupi: nani alikuwa na haki, aliyezungusha uzio au aliyefungiwa nje? Mkono ulitaka kuandika sura. Ilikuwapo yote, kila mkato, ikinisubiri. Niliiweka kando, na huo ndio ugumu ambao sijawahi kuweza kumweleza mtu asiyehifadhi.

Nilianza na mwenye uzio. Nilimpa maneno yake yote mazuri: kwamba shamba la wote halina wa kulipalilia, kwamba nafaka iliongezeka na miji ikala, kwamba alitumia akili na jasho. Nilimsema mpaka nikamwona, bwana mwenye buti za matope, si mtu mbaya. Kisha nikahama, nikamsema yule aliyerudi na ng'ombe wake mmoja akakuta miti imesimikwa pale alipolisha babu yake. Na nilipomaliza wote wawili nikasema mimi naona nini, na kwa nini, katika aya moja iliyojaa makosa ya Kiingereza.

Aliisoma palepale. Alirudia ukurasa wa kwanza. Aliniuliza ni nani aliyenifundisha kumsemea vizuri mtu ambaye ni dhahiri simpendi. Nikainua macho nikamtazama usoni, jambo ambalo lilinitoa jasho, nikamjibu: shangazi yangu.

"Utabaki," akasema. "Na tahajia yako ni balaa."

Nilikimbia toka skuli mpaka nyumbani. Ulikuwa jikoni. Nilikwambia nimebaki, na ukauliza alama, nikakwambia ni za kati tu. "Za kati?" ukasema. "Basi tuna kazi." Ukanigeuzia mgongo ukafunua sufuria, ukasimama nalo hivyo wakati mvuke ukikupanda usoni, na mabega yako yalikuwa yakitikisika. Niliamini unacheka. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Sasa najua zaidi. Hospitalini, katika siku ambazo ulikuwa bado unazungumza, uliniambia jambo ambalo hata Ruwaida hakulijua. Kwamba katika skuli yako ya wasichana, Unguja, palikuwa na mdahalo kila muhula, na kwamba ulipewa upande usioupenda, ukaudhika, kisha ukauandaa likizo nzima mpaka ukaupenda. Skuli zilipofunguliwa baada ya mapinduzi hukuwapo. Mlikuwa mmekwisha vuka kwenda Mombasa, na kutoka hapo huku, na hukukaa tena darasani. Nilisema ni hasara kubwa. Ulisema hukupoteza kitu. Tulibishana juu ya hilo, mirija ya dawa ikiwa imekuingia mkononi, mpaka muuguzi akatuomba tupunguze sauti. Bado nasema ulipoteza. Na bado nasema kwamba ulichokipoteza wewe mimi ndiye niliyekipata, kila jioni, bure, mezani pako. Ahsante. Nimelisema, na masufuria yamekwisha oshwa.

Kuna jambo moja limebaki, na ni la kukuaga.

Nimekubaliwa kuendelea na masomo, na utafiti wangu utakuwa juu ya nyumba za Mji Mkongwe na watu waliopewa baada ya mapinduzi. Nitasafiri kwenda Unguja kabla ya mwaka kwisha. Baba amenikasirikia. Aliniuliza kwenye simu kama nimesomeshwa ili niende kunywa chai na walionyang'anya nyumba ya baba yake. Nilimjibu kwa heshima, lakini nilimjibu, na alipokata simu nilijua kwamba hoja zake zina uzito na kwamba itanibidi niziandike kwa namna ambayo yeye mwenyewe atazitambua.

Nakuahidi hivi. Nitakwenda kwenye nyumba ile, nitapiga hodi. Nitawaambia mlangoni mimi ni mjukuu wa nani, ili wasinikaribishe kwa kutojua. Wakinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa kwa jina langu. Wakinikaribisha, nitakaa watakaponiweka na kuwauliza walifikaje pale, na nitawasikiliza mpaka wamalize, bila kuwakatiza hata mara moja, mimi ambaye unanijua. Wakishamaliza, nitawaomba nami niseme kidogo. Nitawaambia kwamba katika chumba cha juu upande wa barabarani alilala msichana aliyekuwa akijiandaa kwa mdahalo, kwamba hakurudi, na kwamba jikoni kwake Kilburn aliwasemea wao vizuri kuliko nilivyopata kusikia mtu akijisemea mwenyewe.

Mola akukunjulie kaburi lako, Shangazi, na akupe makao yasiyodaiwa na mtu. Ruwaida anakusalimu, kwa Kiswahili.

Mtoto wa kaka yako,
Hamadi